Mandari, Kambi na Kamera: Tarikhi Fupi ya Picha za Wasichana wa Mvita



Ni desturi ya taarifa za vyama vya masilahi kwamba zikisha hesabu za fedha na habari za misaada, huachwa kurasa chache kwa ajili ya tarikhi, ili kijana atakayekifungua kijitabu hiki baadaye asijue tu ni shilingi ngapi zilizoingia na ngapi zilizotoka, bali ajue pia watu wake ni nani na wamepitia njia gani. Mwaka huu tumeona vyema kurasa hizo tuzitoe kwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni picha za wasichana wetu: jinsi zilivyoanza kupigwa hapa kisiwani, nani alizipiga, nani alizitaka, na zimekwenda wapi.

Huenda mzee mmoja akauliza: katika mambo yote ya Mvita, Ngome na bandari na reli na misikiti ya kale, kwa nini picha za wasichana? Sababu yetu ni hii. Siku hizi watoto wetu wa kike huenda kambi za likizo na safari za shule, na kila penye kambi pana simu, na kila penye simu pana picha. Wazazi wengine hukataa kabisa mtoto asipigwe, na wengine hawaulizi neno. Wote wawili wana sababu zao, na sababu hizo hazikuanza jana. Zina tarikhi ya zaidi ya miaka mia moja na hamsini katika pwani hii, na atakayetaka kutoa hukumu iliyo sawa, yampasa kwanza aijue tarikhi hiyo.

Picha zilivyofika pwani

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, nao haukuchelewa kufika kwetu. Nahodha wa Kifaransa, Charles Guillain, aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki baina ya mwaka 1846 na 1848, alikuja na vyombo vya ufundi wa Daguerre, ambao picha yake hukaa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Bamba hilo ni moja tu, halina nakala. Mtu aliyepigwa kwa ufundi huo aliondokewa na sura yake ikenda Ulaya, naye akabaki mikono mitupu.

Baadaye yakaja mabamba ya kioo, ambayo kwayo picha moja huweza kutolewa nakala nyingi. Ndipo biashara ilipoanza. Huko Unguja, tangu mwisho wa miaka ya 1860, Mgoa A. C. Gomes alikuwa na duka la picha, na jina hilo likaendelea kwa mwanawe. Hapa Mombasa mambo yalipata nguvu reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896. Mpigapicha William D. Young aliifuata reli hiyo kwa kamera mpaka ilipofika ziwani mwaka 1901, na kazi zake zimebaki kuwa miongoni mwa ushahidi mkubwa wa siku zile. Meli zikaongezeka bandarini, wasafiri wakaongezeka, na kila msafiri alitaka kitu cha kupeleka kwao. Kitu chepesi kuliko vyote kilikuwa postikadi.

Yeyote aliyepata kuziona postikadi za pwani za miaka ya 1900 hadi Vita Kuu ya Kwanza anaijua namna yake. Kuna mitende, kuna milango ya nakshi, kuna majahazi, na katikati yake kuna wasichana: mmoja anasukwa nywele, mwingine anatwanga, wawili wamesimama wamevaa kanga mpya na majasi masikioni. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au kwamba hii ni sura nzuri ya pwani. Jina halipo. Baba hatajwi, mtaa hautajwi. Mara nyingine msichana yule yule huonekana katika kadi mbili zenye maelezo mawili yasiyopatana.

Tusisahau hali ya nyakati hizo. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mabibi wa nyumba za kiungwana walikaa ndani. Walipotoka walifunikwa kwa shiraa, ambayo ni nguo kubwa mfano wa hema iliyoshikwa na watumwa huku bibi akitembea ndani yake. Aliyeweza kusimamishwa uani kwa mpigapicha akageuzwa huku na huku, mara nyingi alikuwa yule ambaye hakuwa na wa kumsemea. Kwa hiyo katika kadi zile kazi za kila siku zimeonyeshwa, lakini mwenye kazi hakuulizwa wala hakutajwa. Shiraa nayo ikaondoka pamoja na utumwa, na mahali pake likaja buibui, vazi ambalo mwanamke hulivaa mwenyewe bila ya kushikiwa na mtu.

Jambo hili latufunza kwamba wazee wetu walipoichukia kamera hawakuichukia kwa ujinga. Waliona sura za watoto wa watu zikiuzwa bandarini kama matunda. Tena palikuwa na mas'ala ya dini. Wanazuoni walikhitilafiana: wako waliosema kwamba picha ni katika taswira zilizokatazwa, na wako waliosema kwamba si uumbaji bali ni kivuli kilichozuiliwa, kama sura iliyomo katika kioo. Miongoni mwa hao wa pili alikuwa Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, ambaye aliandika risala nzima juu ya kujuzu kwake. Lakini hata waliojuzisha picha hawakujuzisha kumpiga mtu bila ya idhini yake, wala kumtembeza mtoto wa kike machoni mwa wasiomhusu.

Kamera ya msichana na kambi ya msichana

Sasa natuangalie kwingineko kidogo, kwa kuwa yaliyotokea huko yana uzito katika jambo letu.

Kamera ya kwanza ya Kodak, iliyotengenezwa Marekani na George Eastman mwaka 1888, ilimwezesha mtu asiyejua dawa wala kemia kupiga picha. Mwaka 1900 kampuni hiyo ikatoa kamera ya sanduku iitwayo Brownie kwa bei ya dola moja, na filamu yake ya picha sita kwa senti 15. Ilikusudiwa hasa watoto. Kwa mara ya kwanza tangu ufundi huu uanze, msichana wa nyumba ya kawaida aliweza kuishika kamera mwenyewe.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyozaa kambi za wasichana. Girl Guides ilianzishwa Uingereza mwaka 1910, na mwaka huo huo Marekani ikaanza Camp Fire Girls. Tarehe 12 Machi 1912 Juliette Gordon Low akaanzisha Girl Scouts mjini Savannah. Wasichana wakatolewa mijini wakati wa likizo za kiangazi wakakae katika mahema, wapike wenyewe, waoshe vyombo, wajifunze kuogelea na kuwasha moto. Kamera zikaenda pamoja nao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Kodak ikatoa kamera ya rangi ya kijani iliyotiwa alama ya Girl Scouts, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikatoa nyingine kwa ajili ya Camp Fire Girls.

Matokeo yake ni jambo la kuzingatiwa. Picha zilizopigwa na wasichana wenyewe kambini hazifanani na zile za studio. Humo mna msichana anayemenya viazi, wawili wanaoanika nguo, mmoja aliyelala mchana na viatu vyake mlangoni mwa hema, kundi linalocheka mpaka sura zimevurugika. Nyuma ya picha pameandikwa majina, mara nyingi ya utani. Aliyepiga anawajua waliopigwa, na waliopigwa wanamjua aliyepiga. Leo watu wa tarikhi wanaotaka kujua maisha ya wasichana wa wakati ule huzitafuta picha hizo kuliko zile zilizopigwa kwa sherehe.

Girl Guides ilifika Kenya mwaka 1920. Lakini shule za wakati ule zilitengwa kwa rangi na taifa, na mambo yaliyoanzia mashuleni yaliufuata mtengano huo. Msichana wa Mji wa Kale alikuwa mbali na kambi kwa sababu mbili: utawala haukumwandalia, na nyumbani hakuna ambaye angekubali alale nje ya macho ya mamake. Hata elimu ya serikali ilimchelewea. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika gazeti la Sahifa mwaka 1930 na kisha Al-Islah mwaka 1932, na ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947, aliwahimiza watu wa pwani wasiwaache nyuma watoto wa kike katika elimu. Shule ya serikali ya wasichana wa Kiarabu hapa Mombasa ilifunguliwa mwaka 1938, ilhali Unguja walikwisha kupata yao mwaka 1927.

Hata hivyo isisemwe kwamba msichana wetu hakuwa na kambi yake. Alikuwa na mandari. Wanawake na wasichana wa Kibokoni, Kuze, Mji wa Kale na Majengo walitoka kwa makundi wakavuka kwenda mashamba ya Likoni, Mtongwe, Kisauni na Nyali, na daraja la kuelea la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1931 njia ya upande ule ikawa nyepesi zaidi. Walikwenda na sufuria, mbuzi za kukunia nazi, mikeka na watoto. Walipika wenyewe, wakaimba wenyewe, wakarudi jioni. Palikuwa na mpangilio, palikuwa na wakubwa wa kuangalia, palikuwa na kazi kwa kila mmoja, na msichana mdogo alijifunza humo mengi kwa siku moja kuliko kwa mwezi mzima nyumbani. Tofauti yake na kambi ya Savannah ni hema na kamera tu.

Kadhalika walikuwako wanawake wa lelemama, waliojipanga kwa vyama vyao kama Ibinaal Watan na Banu Saada, wenye vyeo, michango, sare na mashindano. Vyama hivyo vilizika, viliozesha na vilisaidiana, nasi tulio katika chama cha masilahi twapaswa kuvitambua kuwa ni ndugu wakubwa wa kazi yetu. Lelemama ilipoanza kupungua nguvu, mwishoni mwa miaka ya 1950 pakatokea vyama vya namna nyingine, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vilivyoshughulika na elimu na mambo ya akina mama. Habari za siku zile zimehifadhiwa katika kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na baadaye kwa Kiswahili, ambamo Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wamesimulia maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe.

Zama za studio

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, na zaidi baada ya kwisha, studio za picha zilienea mjini. Nyingi zilikuwa za Wahindi na Wagoa. Iliyo mashuhuri zaidi katika tarikhi ni ya N. V. Parekh, mzaliwa wa Mombasa mwenye asili ya Kihindi, aliyefanya kazi kuanzia miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko Unguja Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Lamu baadaye akatokea Omar Said Bakor, mtu aliyejifunza ufundi huo mwenyewe akawa na namna yake ya kukata na kuunganisha picha ambayo haikufanana na ya mtu mwingine.

Studio ilileta mageuzi makubwa, na mageuzi yenyewe ni haya: sasa aliyepigwa ndiye aliyelipa. Msichana hakusimamishwa tena na mgeni. Alikwenda kwa miguu yake, pamoja na mamake au shangazi au shoga zake, amechagua nguo, amechagua kanga, ameamua akae au asimame. Buibui lilivuliwa ndani likatundikwa. Mashoga wawili walishonesha nguo za namna moja wakapigwa pamoja. Filamu za Kihindi zilikuwa zikionyeshwa mjini, na wasichana walizifuata katika kuinamisha kichwa, kushika ua, kutazama pembeni. Picha ilipotoka, wengine waliipeleka itiwe rangi kwa mkono, wekundu kidogo mashavuni na midomoni, dhahabu kidogo kwenye mkufu.

Picha hiyo haikutundikwa barazani. Iliingia katika albamu, na albamu ikakaa kabatini katika chumba cha ndani. Walioitazama ni wanawake wenzake, na mume, na ndugu wa karibu. Kwa hiyo akina mama wa Mombasa walikwisha kupata jawabu la swali ambalo hata leo linawasumbua watu wa mataifa makubwa, kwamba picha yaweza kuwapo, tena nzuri, bila ya kuwa ya kila mtu. Desturi hii haijafa. Katika usiku wa kupamba, wageni huombwa wasizitoe simu, mara nyingi huachwa mlangoni, na mpigapicha huwa mwanamke. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya ya picha na sitara ya pwani, kilichotoka mwaka 2013.

Lakini serikali nayo ilikuwa na kamera yake. Wanaume wa Kiafrika walikwisha kubebeshwa kipande tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakachukuliwa alama za vidole. Wanawake walikuwa nje ya sheria hiyo miaka yote ya ukoloni, na hata baada ya uhuru. Mwaka 1978 sheria ya kuandikisha watu ilibadilishwa ikawaingiza wanawake waliotimiza umri wa miaka 16. Tangu hapo kila msichana wa Kenya, awe wa Kuze au wa Kisumu, alipofikia umri wa kuandikishwa alilazimika kukaa mbele ya kamera uso wazi, wala si kwa Idi wala kwa harusi, bali kwa sababu bila ya kitambulisho hapati kazi wala kura. Kwa akina mama wengi walioshika sitara maisha yao yote, hiyo ilikuwa picha ya kwanza ambayo hawakuichagua.

Kasoro iliyobaki

Tukizipanga picha hizi zote mbele yetu, tutaona jambo la kushangaza. Postikadi zatuonyesha kazi za kila siku, kutwanga, kusuka, kuchota maji, lakini hazina majina. Studio zatupa watu wenye majina na nasaba, lakini hazina kazi za kila siku. Mtu hakwenda studio na kinu. Kwa hiyo maisha ya kawaida ya msichana wa Mvita, akisoma chuoni, akisuka ukili, akipepeta mchele uani, akimbembeleza mdogo wake, akienda mandari, yamepigwa na wageni wasiomjua, au hayakupigwa kabisa.

Sababu zake zaeleweka. Filamu ilikuwa ghali, na mtu hapotezi filamu kwa kupiga sufuria. Ndani ya nyumba za mawe mna kiza, na filamu za zamani zilitaka mwangaza mwingi. Tena heshima ya mtu kwetu ni kuonekana katika hali yake njema, na mama hakutaka mwanawe akumbukwe na masizi mkononi. Baada ya vita kamera ndogo ziliingia katika baadhi ya nyumba, na picha za Idi katika viwanja vya Makadara na za mandari zikaanza kupigwa na kaka na wajomba. Hizo ndizo zilizo chache kuliko zote, na ndizo tunazozihitaji kuliko zote.

Nazo zinapotea. Hewa yetu ya chumvi na joto ni adui wa picha. Unyevu huota kuvu, mende na nondo wa karatasi hula gundi, picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hupauka kuliko za nyeusi na nyeupe za kabla yake, na zile albamu zenye kurasa za kunata zilizopendwa sana miaka hiyo zina gundi inayoila picha yenyewe. Lakini adui mkubwa kuliko hao wote ni kusahau. Bibi akifa, albamu hufunguliwa na wajukuu, wakaona sura thelathini wasizozijua. Hapo picha ya studio iliyolipiwa kwa fedha ya mtu mwenyewe hugeuka kuwa kama ile postikadi ya bandarini: mwanamke wa Kiswahili, jina halijulikani. Mgeni alimnyima jina kwa kutojali, nasi twamnyima kwa uvivu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Yanayotupasa

Kwa hayo yote twawaletea wazee na wanachama mapendekezo yafuatayo, ili yazungumzwe katika mkutano mkuu.

Kwanza, kila nyumba yenye albamu ya kale imketishe bibi au shangazi anayezijua sura zilizomo, angali hai, na majina yaandikwe. Yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino ambayo hupenya, wala pasikandamizwe. Liandikwe jina la mtu, la babake, mtaa, na mwaka kwa kukisia. Picha zitolewe katika albamu za kunata kwa uangalifu, na ile isiyobanduka isilazimishwe bali ipigwe nakala ilipo. Zihifadhiwe katika bahasha za karatasi, ndani ya sanduku, mahali pakavu palipo mbali na ukuta wa nje. Mwenye kutaka kuzitia katika kompyuta afanye hivyo, lakini asile makosa ya kuitupa ile ya asili.

Pili, mwenye albamu ndiye mwenye neno. Bibi aliyeificha picha yake miaka hamsini hakuificha ili chama kije kuibandika katika kalenda. Akiridhia majina yaandikwe bila ya picha kutoka nje ya nyumba, hiyo ni hisani ya kutosha, na chama kisimwombe zaidi.

Tatu, juu ya kambi na safari za wasichana wa leo. Wengine kati yetu wangependa kamera zikatazwe kabisa. Twaona kuzikataza ni kurudia kasoro ile ile: miaka hamsini ijayo mjukuu atatafuta jinsi bibi yake alivyoishi alipokuwa na miaka kumi na miwili, naye hataona kitu ila kitambulisho na harusi. Wengine wangependa kila mtu apige na kutuma atakako, na hao wanairudisha ile biashara ya bandarini, isipokuwa sasa kadi haisafiri kwa meli bali huruka kwa dakika moja na hairudishiki. Hata sheria ya nchi imelitambua jambo hili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi katika habari za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za watoto bila ya idhini hiyo.

Njia ya katikati ipo, na akina mama wa albamu walikwisha kutuonyesha. Kambini iwepo kamera moja au mbili za kikundi, zishikwe na wasichana wenyewe kwa zamu chini ya mwalimu wao wa kike. Wazazi waulizwe kwa maandishi kabla ya safari, na msichana naye aulizwe, kwa maana sura ni yake. Wapige kazi zao: kupika, kufua, kusoma, kucheza, kuchoka. Wakirudi, waketi pamoja na mama zao wachague zipi zibaki na zipi zifutwe, kisha zinazobaki zichapwe kwenye karatasi, majina yaandikwe nyuma, na albamu iwekwe mahali ambapo wanawake wa kikundi watakuja kuitazama. Zisitumwe mitandaoni. Gharama ya kuchapa albamu moja ni ndogo ukiilinganisha na mambo mengine ambayo vyama vyetu huyagharimia, nayo itabaki wakati mengi ya hayo yamekwisha kusahauliwa.

Tuongeze neno moja kwa ndugu zetu wanaume. Ngome yetu iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ikawa gereza tangu 1895 mpaka 1958, ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mawe yake yamehesabiwa, mizinga yake imeandikwa namba. Ni vyema. Lakini mtoto wa Mvita hakulelewa na mizinga. Alilelewa na wanawake ambao wengi wao hawamo katika kitabu chochote, na ambao sura zao, zilizopo, zimo kabatini zikiliwa na kuvu. Kazi ya kuwaandika haihitaji serikali wala wafadhili. Yahitaji penseli, alasiri moja, na kijana wa kukaa chini amsikilize bibi yake akisema: huyu ni fulani binti fulani, hapa tulikuwa mandari Likoni, na huyu aliyesimama pembeni ndiye aliyepika siku ile.

Twatumai kwamba taarifa ya mwaka ujao, katika hesabu zake, itaweza kutaja pamoja na fedha zilizokusanywa idadi ya majina yaliyookolewa.